Kabla ya Harry Wright, Mchezaji Alilipwa Gizani

Mwaka 1867 klabu ya besiboli ya Nationals, ya jijini Washington, ilitoa orodha ya wachezaji wake pamoja na kazi zao za kila siku. Kijana wa miaka 20 aitwaye George Wright aliandikwa kuwa ni karani, na anwani ya ofisi yake ikatajwa: namba 238, Pennsylvania Avenue. Mtu angefunga safari kumtafuta huko angekuta bustani ya umma. George hakuwa na ofisi wala meza. Kazi yake ilikuwa kucheza besiboli, na kwa kanuni za siku hizo kazi ya namna hiyo haikutakiwa kuwepo.

Hakuwa peke yake. Chama cha kitaifa cha besiboli kilikataza malipo kwa wachezaji, kwa kuwa mchezo ulihesabiwa kuwa burudani ya waungwana wenye shughuli zao nyingine. Lakini klabu zilitaka ushindi, watazamaji walikuwa wameanza kulipa viingilio, wacheza kamari waliweka pesa zao, na kijana mwenye kipaji hawezi kula makofi. Basi pesa zikapitishwa mlango wa nyuma. Huyu alipewa ajira hewa serikalini, yule akawekwa dukani kwa tajiri wa klabu bila kutakiwa kuuza chochote, na kila mmoja akaendelea kuapa kwamba anacheza kwa ridhaa.

Aliyeufunga mlango ule ni kaka yake George, Harry Wright. Katika historia ya michezo ya Marekani anakumbukwa hasa kwa timu ya Cincinnati Red Stockings ya mwaka 1869, iliyozunguka nchi bila kufungwa. Sikatai utamu wa habari hiyo, ila naamini rekodi imemfunika mtu mwenyewe. Jambo kubwa alilofanya Harry Wright ni kuuweka mshahara wa mchezaji kwenye karatasi, mbele ya macho ya watu, kisha akayabeba yote yanayofuata pale mchezo unapokuwa ajira: mazoezi ya lazima, nidhamu, hesabu za fedha, ratiba, nauli, na mtu mmoja wa kuulizwa mambo yakienda kombo. Mtu huyo leo tunamwita meneja. Enzi zile kulikuwa na nahodha tu, anayepanga wenzake uwanjani na kurusha sarafu. Mshahara ndio uliomzaa meneja.

Harry alizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1835, akavushwa bahari akiwa bado mchanga. Baba yake, Samuel, alikuwa mchezaji wa kriketi wa kulipwa, na huko New York aliajiriwa na klabu ya kriketi ya St George, akicheza na kutunza uwanja. Hapo wasimulizi wengi hupita mbio. Mimi naona ndipo penye ufunguo. Katika kriketi ya Kiingereza mchezaji wa kulipwa alidharauliwa kitabaka, alipitia lango lake na kuvalia chumba chake, lakini malipo yenyewe hayakuwa siri. Alikuwa mfanyakazi, na kila mtu alijua. Harry alikulia katika nyumba iliyolishwa na mchezo bila kuona haya. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akafunzwa usonara, kisha akaifuata kriketi. Mwaka 1858 alijiunga na Knickerbocker, klabu kongwe ya besiboli, ila riziki yake iliendelea kutoka kwenye kriketi. Hata alipohamia Cincinnati mwaka 1865 alikwenda kuwa mwalimu wa kriketi wa klabu ya Union, kwa dola 1,200 kwa mwaka. Wamarekani walipokuwa wakibishana iwapo kumlipa mchezaji kutauchafua mchezo, yeye swali hilo lilikuwa limekwisha jibiwa tangu utotoni mwake.

Muda si mrefu Cincinnati ikaichangamkia besiboli kuliko kriketi, na Harry akahama nayo. Julai 1867 Nationals walipita mjini hapo katika ziara yao ya magharibi, wakiwa na yule karani wao wa bustanini, wakaitandika timu ya Harry 53 kwa 10. Kipigo kama hicho humfundisha mtu. Rais wa klabu, mwanasheria Aaron Champion, alielewa kwamba bila pesa hakuna timu, na chama cha kitaifa kiliporuhusu wachezaji wa kulipwa kuanzia msimu wa 1869, Cincinnati hawakuona sababu ya kuendelea kujificha. Walitangaza kwamba kikosi chote ni cha kulipwa. Mikataba ilianza tarehe 15 Machi na kuisha 15 Novemba. George, aliyekwisha sajiliwa na kaka yake, alipata dola 1,400, mshahara mkubwa kuliko wote; Harry mwenyewe 1,200; mchezaji wa akiba 600. Jumla ilikuwa kama dola 9,300. Na katika kikosi hicho mzaliwa wa Cincinnati alikuwa mmoja tu, Charlie Gould. Timu ya mji iliundwa na wageni walioajiriwa, jambo ambalo shabiki wa soka wa leo hata halimshtui.

Ona pia kwamba Harry, aliyekuwa nahodha, mwalimu, msajili na mchezaji, alikubali kulipwa chini ya mdogo wake. George alikuwa mchezaji bora wa nchi, na bei yake ilikuwa hiyo. Ukishakubali kwamba mchezo ni kazi, unakubali pia kwamba kazi ina bei, na umri hauibadilishi.

Msimu wa 1869 unajulikana: ushindi wa 57 katika hesabu inayotajwa zaidi, bila kufungwa, pamoja na mchezo mmoja uliovunjika dhidi ya Haymakers wa Troy matokeo yakiwa 17 kwa 17, pale wapinzani walipotoka uwanjani kwa kubishia uamuzi, huku fununu za kamari zikivuma. Timu ilisafiri hadi San Francisco kwa reli ya kuvuka bara iliyokuwa imekamilika Mei mwaka uleule. Kuna takwimu moja, hata hivyo, ambayo ningependa ibandikwe karibu na ile 57. Mwisho wa msimu klabu ilipofunga vitabu, mapato yalikuwa dola 29,726.26 na matumizi dola 29,724.87. Faida: dola 1 na senti 39.

Wengi huisoma hesabu hiyo kama kichekesho. Mimi huisoma kwa heshima. Timu iliyolipa kila mchezaji alichoahidiwa, ikalipa reli na hoteli kutoka pwani hadi pwani, ikamaliza mwaka bila deni, na ikajua imebakiwa na nini hadi senti ya mwisho, ilikuwa imethibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Ilikuwa pia imeonyesha jinsi kamba ilivyokuwa nyembamba. Mwaka uliofuata kamba ilikatika.

Kabla ya kufika huko, tumtazame uwanjani. Besiboli ya wakati huo ilichezwa bila glovu, na mrushaji alimrushia mpigaji mpira mkono ukiwa chini, akizuiwa na kanuni asiukunje kiwiko wala kuukata kwa kiganja. Tena kanuni hazikuruhusu kuingiza mchezaji mpya katikati ya mchezo isipokuwa kwa jeraha. Aliyeanza kurusha kwa kawaida alimaliza, hata kama wapigaji walikuwa wamemsoma hadi mfupa. Harry alitoka katika mchezo ambao kubadili warushaji ni jambo la kila baada ya mipira michache. Msomaji aliyewahi kutazama kriketi Nairobi au Dar es Salaam ameliona mara nyingi. Yeye alisimama uwanja wa nyuma, katikati. Asa Brainard, mrushaji wake, akianza kupigwa, Harry aliingia kurusha na Brainard akaenda kusimama kwingine. Mipira ya Harry ilikuwa ya polepole mno, na mpigaji aliyezoea kasi ya Brainard alijikuta amepiga hewa kabla mpira haujamfikia. Kanuni haikuvunjwa, mchezaji hakuongezwa, ila mpigaji alipewa tatizo jipya. Kwangu huo ni ukocha safi: kutazama kanuni inazuia nini, na kuona nafasi iliyobaki wazi.

Mengine yalikuwa ya jasho tu. Aliwafanyisha wachezaji mazoezi kabla ya mchezo, akiwapigia mipira ya juu waikimbilie. Alisisitiza kwamba mpira ukipaa, mmoja atajwe kwa jina aukamate, wengine wampishe. Alitaka kila mtupo uwe na mtu nyuma yake wa kuuokota ukimpita mlengwa. Haya leo hufundishwa watoto, na ni rahisi kudhani yalikuwepo siku zote. Hayakuwepo. Yaliletwa na mtu aliyekuwa na haki ya kumwambia mwenzake “rudia”, kwa sababu mwenzake alikuwa analipwa kurudia.

Haki hiyo haikufanya kazi kwa kila mtu kwa kiwango kilekile. Brainard alikuwa mtihani: alikosa mazoezi, alilalamikia maradhi yasiyoonekana, na husimuliwa kwamba siku moja katikati ya mchezo aliona sungura akikatiza uwanjani akamtupia mpira, wakimbiaji wa upande wa pili wakapita wakipata alama. Harry hakuwa mtu wa kufoka. Waliomjua walimsifu kwa upole na subira, na mimi nadhani upole ule ulikuwa na gharama yake baadaye, alipokuja kuwasimamia wachezaji waliokuwa wakali kuliko Brainard.

Tarehe 14 Juni 1870, Brooklyn, uwanja wa Capitoline. Red Stockings dhidi ya Atlantics. Baada ya zamu tisa, urefu wa kawaida wa mchezo, matokeo yalikuwa 5 kwa 5. Wenyeji walikuwa radhi kuichukua sare na kwenda zao. Wachezaji wao walikwisha anza kutoka. Rekodi ya Cincinnati ya kutofungwa ingebaki salama. Harry akakataa, akisimamia kanuni kwamba mchezo uendelee hadi mshindi apatikane. Ulipofika zamu ya 11, Cincinnati walitangulia kwa alama mbili, kisha Atlantics wakapata tatu. Wakashinda 8 kwa 7.

Nimewahi kusikia uamuzi ule ukiitwa kiburi. Siafiki. Maelfu walikuwa wamelipa kiingilio kutazama nani mbabe. Meneja aliyetangaza kwamba mchezo huu ni kazi halali alikuwa na deni kwa watu wale, na sare ya kulinda rekodi ingekuwa kuwapa bidhaa nusu. Miaka baadaye, klabu zilipobishana kuhusu bei ya tiketi, Harry alishikilia kwamba mchezo mzuri unastahili senti 50. Mtu wa bei hiyo haachi mchezo ukiwa 5 kwa 5.

Baada ya kipigo kile watazamaji wa Cincinnati walipungua, viongozi wakabadilika, na uongozi mpya ukatangaza kwamba hautalipa tena mishahara mikubwa. Harry hakubembeleza. Boston walimwita, akaenda na George, Gould na Cal McVey, akachukua pia kutoka klabu ya Rockford kijana mrushaji, Al Spalding, pamoja na Ross Barnes. Jina la Red Stockings akaondoka nalo. Machi 1871 klabu za kulipwa ziliunda chama chao, ligi ya kwanza ya kulipwa, na kwa miaka minne mfululizo, 1872 hadi 1875, Boston ilitwaa ubingwa. Mwaka 1875 ilishinda michezo 71 ikapoteza 8.

Hapa ndipo sifa inapogeuka kuwa swali. Ligi ile ya kwanza ilikuwa dhaifu. Klabu yoyote yenye dola 10 za kujiandikisha iliingia. Mwaka 1875 timu 13 zilianza msimu, na kadhaa zikafa kabla haujaisha. Boston wakishinda hivyo, nani Brooklyn au kwingineko angelipa kuona timu yake ikichinjwa? Harry alijenga klabu ya kweli ndani ya ligi ya kubahatisha, na ubora wake ukaharakisha mwisho wa ligi hiyo. William Hulbert wa Chicago aliwasajili wachezaji wanne bora wa Boston, Spalding akiwemo, msimu wa 1875 ukiwa bado unaendelea, na Februari 1876 ikazaliwa National League, ligi iliyo hai hadi leo. Chicago walishinda mwaka wa kwanza. Watu wakadhani Harry amekwisha. Akarudi na ubingwa wa 1877 na 1878, akiwa amepoteza uti wa mgongo wa timu yake. Vikombe hivyo viwili mimi navithamini kuliko vinne vya mwanzo.

Mwaka 1874 alijaribu jambo lililompendeza moyoni: kuipeleka besiboli Uingereza, nchi aliyozaliwa. Boston na Athletics wa Philadelphia walicheza besiboli mbele ya Waingereza, na kriketi dhidi yao, Wamarekani wakiruhusiwa kuweka wachezaji 18. Katika kriketi hawakufungwa. Katika besiboli wenyeji walitazama kwa adabu na kurudi kwenye mchezo wao. Kifedha safari haikulipa. Naitaja kwa ufupi kwa sababu haikubadilisha kitu.

Kuna mambo mawili ambayo mtu anayempenda Harry Wright hapaswi kuyaruka, nami nampenda.

La kwanza ni rangi. Mwishoni mwa 1867, klabu ya Pythian ya Philadelphia, ya Wamarekani weusi, ikiongozwa na mwalimu Octavius Catto, iliomba kujiunga na chama cha besiboli cha jimbo, ikashinikizwa kuliondoa ombi lake. Desemba mwaka huo chama cha kitaifa kikaweka uamuzi wa kuzuia klabu yoyote yenye mtu mweusi hata mmoja. Chama hichohicho ndicho kilichoruhusu malipo ya wazi mwaka mmoja baadaye. Maana yake ni nzito: siku besiboli ilipokubaliwa kuwa ajira halali, ilikubaliwa kuwa ajira ya weupe. Catto aliuawa kwa risasi Philadelphia tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, msimu ule ligi ya kwanza ya kulipwa ilipoanza. Mlango wa mbele ambao Harry aliupita na kikosi chake ulikuwa na bawabu, na yeye akaupita bila kugeuka.

La pili limo ndani ya nyumba yake. Mwaka 1879 George aliondoka Boston akawa meneja wa klabu ya Providence, akampokonya kaka yake ubingwa katika msimu wa pekee aliowahi kuiongoza timu. Wenye klabu walikuwa wamechoshwa na wachezaji kuhama kufuata maslahi. Septemba mwaka huo, kwa msukumo wa Arthur Soden, rais wa Boston na mwajiri wa Harry, walikubaliana kila klabu iwateue wachezaji watano ambao hakuna klabu nyingine itakayowagusa. Providence wakamteua George. Hawakuelewana, na msimu wa 1880 ukapita karibu wote bila yeye kucheza. Yule aliyewahi kupewa ajira hewa kwa sababu kulipwa ni marufuku, sasa alikuwa na haki ya kulipwa, ila na mwajiri mmoja tu duniani. Kanuni ile ilitanuka hadi kuwafunga wachezaji wote, ikadumu hadi miaka ya 1970. Mkataba wa wazi ulimpa mchezaji heshima. Ukampa mwenye klabu karatasi ya kumfungia. Harry alielewa kazi kwa jicho la mfanyakazi mwaminifu, kama baba yake, na sidhani aliwahi kujiuliza vya kutosha karatasi ile ingeweza kufanya nini mikononi mwa tajiri.

Harry mwenyewe aliiacha Boston akaiongoza Providence kwa miaka miwili, 1882 na 1883, kisha mwaka 1884 alikwenda Philadelphia, na huko alikaa misimu kumi bila ubingwa hata mmoja. Wachambuzi wengi huiita miaka ya kushuka. Tazama takwimu. Timu aliyoirithi ilikuwa imeshinda michezo 17 na kupoteza 81 mwaka 1883. Mikononi mwake ikashinda 39, halafu 56, halafu 71, na mwaka 1887 ikashinda 75 na kushika nafasi ya pili. Boston aliteua bora wa nchi. Philadelphia aliokota kilichokuwepo akakifinyanga. Ukiniuliza ni wapi alionyesha umeneja wake kwa ukamilifu, nitakutajia miaka hiyo minne kabla sijagusa Cincinnati. Kwamba hakupanda juu zaidi, nalaumu sehemu ule upole, na sehemu mchezo wenyewe, uliokuwa umekwenda kwa watu wakali kama Cap Anson wa Chicago na Charlie Comiskey wa St. Louis, waliojua kumtia mwamuzi hofu.

Mwaka 1890 alipofuka ghafla, akakaa gizani kwa muda kabla nuru haijaanza kurudi, na bado akarudi kuongoza timu msimu uleule. Waajiri wake walimwacha baada ya 1893, akiwa ameshinda zaidi ya michezo 1,200 kama meneja. Ligi ikamtengenezea cheo kipya, mkuu wa waamuzi. Cheo hicho hawapewi wenye ushawishi tu. Anapewa mtu ambaye kila upande unaamini hataupendelea upande mwingine. Alifariki Atlantic City tarehe 3 Oktoba 1895, akiwa na miaka 60.

George aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli mwaka 1937. Harry alisubiri hadi 1953. Mimi ningeanza na Harry, na nisingetumia rekodi ya 57 kumtetea. Barua zake na madaftari yake yamehifadhiwa katika maktaba ya umma ya New York, mrundo wa miaka mingi wa ratiba, mikataba, viingilio na nauli. Anayetaka kujua kazi ya meneja ilianzaje aanzie kwenye madaftari hayo, ndipo aende kwenye matokeo.